Amana ya Karani

Kiswahili cha pwani kina majina mengi ya mtu asiyeweza kuweka siri, na takriban yote ni matusi. Mbea, mdaku, mchongezi, mfitini, kizabizabina, domo kaya: kila jina limekatwa kwa kipimo cha ulimi wake, na hakuna hata moja ambalo mzazi angependa mwanawe aitwe. Mwenye kusitiri, kwa upande wa pili, husifiwa akiwa hai na hukumbukwa akishakufa. Wala si ajabu. Katika mji wa nyumba zilizobanana, ambamo ukuta wa jirani ndio ukuta wako na kikohozi cha usiku husikika nyumba ya tatu, maisha yasingewezekana bila ya sitara. Watu walijifunza kuona wasione na kusikia wasisikie, wakakuita huko kuwa ni adabu.

Lugha hiyohiyo, hata hivyo, haina jina kongwe na jema la mtu anayetoa siri kwa kuwa kuinyamazia ni kushiriki dhuluma. Majina yaliyopo ni ya juzi na bado yananuka rangi. “Mpuliza filimbi” limefasiriwa neno kwa neno, na msomaji alisomapo humwona refa uwanjani. “Mfichuzi” ni la magazeti ya Kenya. “Mtoa taarifa” ni la sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, neno safi la ofisini, lisilo na chumvi wala ndimu. Upungufu huo wa msamiati si jambo dogo. Asiyekuwa na jina jema katika lugha ya watu wake hupachikwa lile baya lililo karibu, na aghalabu lililo karibu ni “msaliti”.

Miongoni mwa walioonja ukali wa neno hilo ni David Sadera Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kisa chake kimekwisha kuandikwa. Billy Kahora alikifanyia kitabu kizima kilichotolewa na Kwani Trust ya Nairobi, na tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire ilimsikiliza akitoa ushahidi. Bado kinastahili kusimuliwa tena, hasa huku pwani, kwa sababu pwani ndiko alikokimbilia.

Munyakei aliwekwa katika idara iliyoshughulikia malipo ya wauza bidhaa nje. Zama zile Kenya ilikuwa na kiu ya fedha za kigeni, na aliyeuza ng'ambo akarejesha sarafu ngumu alipewa fidia na Hazina ili atiwe moyo. Kampuni iitwayo Goldenberg International ilidai kuuza nje dhahabu na vito vya almasi, ikawa inalipwa asilimia 35 ya thamani ya mauzo hayo, ilhali kiwango kilichozoeleka kwa mujibu wa sheria kilikuwa asilimia 20. Kenya ilichimba dhahabu kidogo mno, na almasi haikuchimba kabisa. Mtoto anayejua hesabu za darasa la nne angeuliza mali hiyo inatoka shimo lipi. Karani aliziona karatasi zikipita mezani kwake, malipo juu ya malipo, kwa kampuni ileile, kwa bidhaa ambayo nchi haina. Mwaka 1993 nakala zikawafikia wabunge wa upinzani, wakiwamo Peter Anyang' Nyong'o na Paul Muite, na jambo likapanda Bungeni na kushuka magazetini. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu kurejeshwa kwa mfumo huo ulikuwa umefanyika Disemba 1992, na Bunge lilikuwa na midomo ambayo miaka miwili nyuma lisingekuwa nayo.

Munyakei alikamatwa, akashitakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Kesi haikusimama, akaachiwa. Kazi yake hakurudishiwa.

Shitaka la kutoa siri lina ajabu yake, na inafaa kulitazama kwa utulivu. Mzushi hushitakiwa kwa uzushi, mwenye kukashifu kwa kashfa, na katika mashitaka hayo ukweli ni ngao: mshitakiwa akithibitisha aliyoyasema, huenda akatoka. Shitaka la siri halina ugomvi na ukweli. Linakiri, tena kwa muhuri wa dola, kwamba karatasi ni halali, nambari ni sahihi, na saini ni za waliotajwa. Mtoaji hupelekwa kizimbani kwa kuwa amesema kweli. Na akiwa pale kizimbani akataka kueleza ni kwa nini aliisema, huambiwa kwamba “kwa nini” yake haihusiki. Hapo ndipo penye donda la sheria hizi zote, na mageuzi yoyote yasiyogusa hapo ni kubadilisha bendeji.

Akafika Mombasa. Akasilimu, akaoa, akatafuta riziki ya hapa na pale kama watafutavyo maelfu ya wageni wa mji ule. Mji haukumhoji. Ile adabu ya kuona usione, ambayo imeinyima lugha jina la mtu wa aina yake, ndiyo iliyompa pahala pa kulala. Sitara ya pwani ni pana kuliko inavyodhaniwa: humfunika mkosaji, na humfunika pia anayewindwa na wakosaji.

Lakini ndiyo sababu hasa ya kutoichanganya sitara na siri ya dola. Sitara hulinda uchi wa mja: ugonjwa wake, ufukara wake, kosa lake la usiku mmoja. Anayesitiriwa ni dhaifu, na anayesitiri ana nguvu ya kumuaibisha akaacha kuitumia. Siri ya ofisini mara nyingi imepinduliwa. Anayefichwa ni mwenye nguvu, na anayelazimishwa kuficha ni karani wake. Kuyaita yote mawili kwa neno moja, “siri”, ni hila ambayo watawala hawakuibuni ila wameifaidi sana.

Neno linalofaa zaidi, na ambalo pwani inalo tangu jadi, ni amana. Aliyewekewa amana haimiliki. Huitunza, hafungui kufuli kwa udadisi, hasimulii barazani kilichomo. Hayo yote ni kweli kwa karani wa benki. Lakini amana ina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuambiwa inapoibiwa. Mlinzi wa ghala akimwona msimamizi anatoa magunia usiku, akaenda kugonga mlango wa mwenye mali, hakuna kadhi wala mzee wa mtaa atakayemhukumu kwa kuvunja uaminifu. Fedha za Hazina ya Kenya zilikuwa za nani? Za wakulima wa kahawa na majani ya chai, za makuli wa Kilindini, za walimu. Wabunge aliowafikia Munyakei ndio waliokuwa mlango wao.

Mombasa aliyoikimbilia ni mji wa Muyaka bin Haji, na washairi wa mji huo walikuwa na njia yao ya kutoa yaliyofichwa zamani kabla ya kuwapo kwa benki kuu au tume. Njia hiyo ni fumbo. Enzi za Wamazrui na vita vyao na Seyyid Said, beti zilipita kutoka baraza hadi baraza zikiwa zimejifunga buibui: aliyelengwa alijijua, waliosikia walielewa, na mtunzi akiulizwa aliweza kusema kwamba alikuwa akizungumzia jahazi tu. Fumbo ni siri inayotolewa huku imefungwa. Mwenye kulifungua ni msikilizaji, na msikilizaji hashitakiki.

Abdilatif Abdalla, naye wa Mombasa, aliijua mipaka ya njia hiyo. Kijikaratasi chake “Kenya: Twendapi?” kilisema wazi, bila ya buibui, na kwa ajili yake alifungwa miaka 3, kuanzia 1969, kwa shitaka la uchochezi. Mashairi aliyoyatunga gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yalitoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mengi yao yamevaa fumbo tena. Wapenzi wa ushairi hupenda kukumbuka jambo hilo kama ushindi wa sanaa, na ni ushindi kweli.

Ila karani hana fumbo. Hati ya malipo haifasiriki kwa njia mbili. Ina tarehe, kiasi, jina la kampuni na saini. Mshairi anaweza kukana maana. Karani hawezi kukana nakala iliyotoka katika faili lililokuwa mezani kwake, faili ambalo labda watu wanne tu walilishika. Kwa hivyo karani anaihitaji sheria kuliko mshairi anavyoihitaji. Mshairi ana lugha ya kujifichia. Karani, sheria ikimkataa, hana pa kujifichia ila basi la usiku la kwenda Mombasa.

Na sheria iliyomkataa Munyakei haikuzaliwa Nairobi. Kenya iliitunga Sheria yake ya Siri za Serikali mwaka 1968, sura ya 187 ya sheria zake, lakini roho na maneno yake mengi ni ya sheria ya Uingereza ya 1911, iliyosafiri na bendera hadi kwenye makoloni. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Usalama wa Taifa mwaka 1970. Nasaba yake ni ileile. Anayetaka kujua kwa nini sheria hizi ni pana kiasi kile hana budi kwenda kuitazama Ijumaa moja ya Agosti 18, 1911, mjini London. Ulaya ilikuwa na hofu ya vita, magazeti yalijaa habari za majasusi wa Kijerumani, na wabunge walitaka kwenda likizo. Muswada ulipita hatua zake katika Baraza la Makabwela alasiri hiyo, kwa muda usiotimia saa moja. Kifungu cha 2, kilichofanya kuwa kosa kwa mtumishi wa serikali kumpa asiyeruhusiwa habari yoyote aliyoipata kazini, pamoja na kosa la kuipokea, hakikujadiliwa. Mwaka 1972 kamati ya Lord Franks ilihesabu kwamba kutokana na kifungu hicho kimoja mtu angeweza kuandikiwa mashitaka zaidi ya 2,000 yanayotofautiana kwa maneno. Hivyo ndivyo alasiri moja ya watu wenye haraka ilivyokuja kumfunga mdomo karani wa Nairobi miaka 82 baadaye.

Waingereza wenyewe waliumwa na nyoka wao. Sarah Tisdall alikuwa karani wa Wizara ya Mambo ya Nje, mwenye umri wa miaka 23. Mwaka 1983 alilipelekea gazeti la Guardian nakala za waraka kuhusu kuwasili kwa makombora ya Kimarekani katika kambi ya Greenham Common. Gazeti lilichapisha. Serikali ikaenda mahakamani kudai karatasi zake, na gazeti, baada ya kushindwa, likazirejesha. Alama zilizokuwamo ndizo zilizomfichua. Machi 1984 alihukumiwa kifungo cha miezi 6. Kisa hiki husimuliwa kwa uchache, labda kwa sababu kinawaaibisha watu wema: mhariri hakufungwa, gazeti liliendelea kutoka kila asubuhi, na binti aliyeliamini akaenda jela. Sheria inayomlinda mwandishi bila ya kumlinda aliyemletea karatasi ni mwavuli wa mtu mmoja. Na mwandishi asiyelindwa hawezi kumlinda mwingine, hata akitaka.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya mtu mkubwa zaidi. Clive Ponting, ofisa wa ngazi ya juu wa Wizara ya Ulinzi, alimpelekea mbunge Tam Dalyell nyaraka mbili kuhusu kuzamishwa kwa manowari ya Argentina, General Belgrano, Mei 2, 1982, ambapo watu 323 walikufa. Nyaraka zilionyesha kwamba Bunge halikuelezwa ukweli. Ponting alijitetea kwa maneno ya sheria yenyewe, kwamba aliutimiza wajibu wake kwa maslahi ya dola. Jaji McCowan akaliambia juri, yaani jopo la raia 12, kwamba maslahi ya dola ni yale ambayo serikali iliyopo madarakani inasema kuwa ndiyo. Juri likasikia, likaingia faraghani, likatoka na kumwachia huru, Februari 1985.

Maneno yale ya jaji yanastahili kukaliwa kitako. Kama maslahi ya nchi ni chochote isemacho serikali, basi serikali haiwezi kamwe kuyahujumu maslahi hayo, kwa kuwa kila ifanyalo ndiyo maana yake. Ni sawa na kumpa mshitakiwa kamusi aandike mwenyewe maana ya neno “wizi”. Wafasiri na watunga kamusi wanaijua hatari ya neno lenye mmiliki mmoja. Raia 12 wa kawaida, bila ya kamusi, waliikataa fasiri hiyo. Nayo serikali ikajifunza, ila ilijifunza somo lake: Sheria ya 1989 iliyokifuta kile kifungu cha 2 ilipunguza upana wa siri, na papo hapo ikaliondoa lile tundu la maslahi ya dola ambamo Ponting alipita. Tangu hapo mtumishi wa idara za usalama wa Uingereza akitoa siri hana ruhusa ya kuliambia juri kwamba aliitoa kwa faida ya umma.

Katika mtego huo akaingia mfasiri. Katharine Gun alifanya kazi katika idara ya udukuzi wa mawasiliano, GCHQ, mjini Cheltenham, akifasiri Kichina. Januari 31, 2003, wiki chache kabla ya vita vya Irak, ulifika waraka kutoka idara ya Kimarekani ya namna hiyo, ukiomba msaada wa kuwanasa sauti wajumbe wa Baraza la Usalama ambao kura zao hazijulikani: Angola, Kamerun, Guinea, Chile, Bulgaria na Pakistan. Mataifa matatu kati ya hayo sita ni ya Kiafrika. Gun alichapa nakala, akaipitisha, na Machi 2 gazeti la Observer likaiweka ukurasa wa mbele.

Hapo likatokea jambo ambalo kila mwenye kusahihisha prufu atalielewa kwa kichefuchefu. Waraka uliandikwa kwa tahajia ya Kimarekani. Katika chumba cha habari, mtu aliyekuwa akitimiza kazi yake kwa uaminifu alizibadilisha herufi zikawa za Kiingereza cha Uingereza, kama gazeti lilivyozoea. Kesho yake ng'ambo ya bahari watu wakasema: ni karatasi ya kughushi, Mmarekani gani aandikaye hivi? Kwa siku kadhaa ukweli uliogharimu uhuru wa mtu ulitaka kuzama kwa sababu ya herufi chache. Gazeti likaeleza, na waraka ukathibitika. Mwenye kupenda maandishi na ajiulize ni wapi pengine ambapo usahihishaji mwema uliwahi kukaribia kiasi hicho kuua habari.

Gun alikiri mwenyewe kwa wakubwa wake siku chache baadaye, ili wenzake wasiendelee kuhojiwa. Alishitakiwa Novemba 2003 chini ya Sheria ya 1989. Mawakili wake wakaamua kujitetea kwa dharura: kwamba alitenda ili kuzuia maafa ya vita visivyo halali, na wakadai waonyeshwe ushauri ambao Mwanasheria Mkuu aliipa serikali kuhusu uhalali wa vita. Februari 25, 2004, upande wa mashitaka ulisimama ukasema hauna ushahidi wa kutoa. Akatoka huru kwa njia ileile aliyotoka Munyakei, mlango wa nyuma, bila ya swali lake kujibiwa.

Karani wa miaka 23, mfasiri wa miaka 28, karani mwingine wa Benki Kuu katika umri huohuo wa ishirini na kitu. Wanaovunja siri za dola aghalabu si mawaziri waliokasirika, bali ni watu wa meza za nyuma: wapiga chapa, wafasiri, watunza faili. Wana mamlaka madogo kabisa juu ya karatasi, na ndio wanaozisoma.

Ni haki kusema kwamba dola haina budi kuwa na siri. Majina ya wapelelezi walio katikati ya maadui, mahali kilipo kikosi usiku wa mapigano, faili la mgonjwa hospitalini: mtu anayeyamwaga hayo kwa kinyongo au kwa kuuza hafai kulindwa na mtu. Wanaotetea mageuzi hawayakatai hayo. Kanuni za Tshwane, zilizokamilishwa Afrika Kusini Juni 2013 na wataalamu wa sheria na usalama kutoka nchi nyingi, zimeorodhesha siri zinazostahili kulindwa. Zinachodai ni kwamba mtoaji apewe nafasi ya kusema mbele ya jaji kwamba faida ya umma ilizidi madhara, na mwandishi asiadhibiwe kwa kupokea na kuchapisha. Jaji anaweza kufunga milango akasikiliza faraghani. Jambo asiloweza kufanya kwa haki ni kuhukumu kitendo huku akikataza sababu yake isitajwe. Tume ya Sheria ya Uingereza, ambayo hakuna atakayeidhania kuwa ni kundi la waasi, ilipendekeza utetezi wa namna hiyo mwaka 2020. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 2023 ikazifuta sheria za 1911, 1920 na 1939 bila ya kuuweka.

Afrika Mashariki imejaribu kwa njia zake. Uganda ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2010, na ndani yake kuna zawadi ya asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa, wazo lenye hekima na lenye hatari ya kumfanya mwaminifu aonekane dalali. Tanzania ilifuata 2015 kwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mkondo wa sheria zote mbili unafanana: kinga humfuata anayepeleka habari kwa mamlaka iliyotajwa. Kwa mambo mengi ya kila siku, ya karani wa forodha anayepokea mlungula au mkandarasi anayechanganya saruji na mchanga, hiyo yatosha. Lakini mwekeni Munyakei ndani ya sheria hizo. Tume ya Bosire ilikuja kuwataja maofisa wakubwa wa Hazina na wa Benki Kuu yenyewe. Mamlaka husika ilikuwa ni ipi? Angepanda ngazi gani, ghorofa ya ngapi, hata amkute mtu ambaye jina lake halimo katika karatasi aliyoishika? Pale ambapo nyumba nzima imeshirikiana, mlango wa barabarani ndio pekee uliobaki, na nje ya mlango huo wamesimama mbunge na mwandishi wa habari. Sheria isiyomruhusu afike hapo inamlinda mtoa taarifa kwa mambo madogo na kumwacha kwa makubwa.

Kuna jingine, ambalo wanasheria hulipitia haraka kwa kuwa haliko katika vitabu vyao. Munyakei aliachiwa na mahakama. Kwa hesabu za kisheria alishinda. Aliyoyapoteza hayakupotea kizimbani: mshahara, jina la kuaminika kwa mwajiri mwingine, miaka ya ujana. Hakuna kifungu cha adhabu kilichoyachukua, na kwa hivyo hakuna rufaa ya kuyarejesha. Baada ya Mombasa alihamia bara, upande wa Narok. Serikali mpya ya 2003 ilipoiunda Tume, aliitwa, akaeleza. Mwaka 2004 Transparency International ilimtunuku tuzo yake ya uadilifu. Tuzo ni jambo zuri, hutundikwa ukutani. Kazi ya kudumu hakuipata. Ripoti ya Tume ilitolewa mwanzoni mwa 2006, na Julai mwaka huohuo Munyakei alifariki dunia, fukara, kabla ya kutimiza miaka 40.

Tangu hapo Kenya imepiga hatua. Katiba ya 2010, ibara ya 35, imempa raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imekataza, katika kifungu cha 16, kumwadhibu mtu kazini kwa kutoa habari yenye faida kwa umma, na Sheria ya Hongo ya mwaka huohuo inawakinga wanaoripoti hongo. Miswada ya kuwalinda wafichuzi kwa sheria yao wenyewe imeandikwa zaidi ya mara moja, na hadi 2024 muswada ulikuwa bado ni muswada. Sheria ya 2016, kwa upande wake, haikuifuta ile ya 1968. Zote mbili zimo kabatini, na karani atakayeshika karatasi kama ile hana budi kukisia, peke yake na usiku, ni ipi kati ya hizo itakayofunguliwa mwanzo mbele ya hakimu.